Sanamu zinataka mziki: kwa nini nataka jazz ya bustanini ifike Mtwara

Kule Washington, Marekani, kila kiangazi jumba la sanaa la taifa linafungua bustani yake ya masanamu Ijumaa jioni na kuwapigia watu jazz ya bure. Si ukumbini, si kwa suti, ni nje kabisa kwenye majani, watu wamekuja na shuka zao na watoto wao na vyakula vyao. Bustani yenyewe ilifunguliwa 1999, katikati ina bwawa kubwa la duara lenye chemchemi, wakati wa baridi wanaligandisha watu wanateleza juu ya barafu, ila kiangazi watu wanakaa ukingoni, wanavua viatu, wanatumbukiza miguu kwenye maji na saksafoni inalia. Imekuwa maarufu mpaka siku hizi nafasi zinatolewa kwa bahati nasibu, na kumbuka hapo hakuna kiingilio.

Hizi habari nazifuatilia kitambo sana na kila nikizigusia kijiweni watu wananiuliza, sasa wewe mtu wa Mtwara jazz ya Wamarekani kwenye bustani ya masanamu inakuhusu nini. Inanihusu sana, na nimeona bora niandike yote sehemu moja.

Dada yangu anaishi Maryland, siyo mbali na hapo, akaenda na wanawe akanitumia video ya WhatsApp. Video imetikisika, sauti kubwa ni ya watu wanaoongea, besi unaisikia kwa mbali tu inadunda, bendi yenyewe hakufanikiwa kuiona kwa sababu ya umati. Lakini mimi nilichokiangalia ni vitu vingine. Kamera ilivyozunguka ikapita kwenye buibui wa mchongaji Louise Bourgeois, buibui wa shaba mwenye miguu mirefu kama nguzo za umeme, na pembeni yake familia imetandika shuka wanakula, mtoto mdogo kageukia buibui na mgongo kaupa mziki, anaangalia tu. Mbele kidogo kuna sungura wa mchongaji mwingine, Barry Flanagan, kakaa juu ya jiwe, mkao wake ni ule wa sanamu maarufu ya mtu anayewaza, ya Mfaransa Rodin, mkono kidevuni. Nikairudisha ile sehemu tena na tena. Sungura! Huyu huyu ambaye bibi zetu walituambia alimdanganya simba, kakaa katikati ya Washington anawaza na jazz inapigwa.

Ile ndo iliyonifungua macho kuhusu nini hasa kinafanyika pale. Sisi wengi wetu makumbusho tumeenda mara moja, darasa la sita au la saba, safari ya shule, mnapita kwa mstari, usiguse, usiongee, twende twende gari linasubiri. Kila kitu unakipa sekunde tano. Ukitoka unakumbuka soda na mkate. Sasa mtu akija kwa ajili ya mziki habari inakuwa tofauti kabisa, kwa sababu mziki unamkalisha chini masaa mawili, na akikaa masaa mawili pembeni ya sanamu bila mtu kumhimiza, macho yake yatarudi pale mara nyingi, ataona mwanga wa jua ukishuka kivuli kinabadilika, ataona mkono ambao mwanzo hakuuona. Hajaja kuangalia sanamu lakini kaiangalia kuliko yule aliyekuja kwa kazi hiyo. Mimi naamini hiyo ndo siri ya jambo lote, zaidi hata ya mziki kuwa bure.

Na hawakuanza Washington. New York pale MoMA, jumba lao la sanaa ya kisasa, wana bustani ya masanamu iliyofunguliwa 1953, ilichorwa na msanifu majengo Philip Johnson, na miaka ya 60 walikuwa tayari wanapiga jazz mle ndani. Sonny Rollins, yule gwiji wa saksafoni aina ya tenor, alipiga pale Juni 1965 na kuna rekodi yake. Ukiisikiliza na earphone utasikia jambo la ajabu, sauti ya saksafoni inakwenda mbali alafu inarudi, inakwenda tena, kwa sababu jamaa alikuwa anatembea huku anapiga, maikrofoni kaziacha huko. Na siku hiyo alikuwa na wapiga drum wawili, Billy Higgins na Mickey Roker, kwa pamoja. Drum mbili, mtu anatembea na ala yake, watu wamemzunguka, juu ni mbingu. Mtu yeyote aliyekulia huku kusini akielezwa hivyo hatauliza swali, hiyo ni ngoma.

Miaka 20 baadaye, Julai 1985, Rollins akarudi bustani ile ile safari hii peke yake, hana bendi, hana hata mpiga besi, saksafoni moja karibu saa nzima. Anachokoza wimbo huu kidogo, anauacha, anadaka mwingine ambao kila mtu anaujua, anauvunja, anaendelea. Nairudia hiyo rekodi nikiwa Shangani, hapa hapa Mtwara, jioni, kusi inavuma, na nakwambia inakaa vizuri nje kuliko ndani, ndani inakuwa nzito kidogo.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Hapa mjini kuna mzee mmoja fundi wa kuchonga, simtaji jina kwa sababu hajaniomba nimtangaze, kazi yake iko chini ya mwembe, pembeni kuna magogo ya mpingo yamefunikwa magunia yasipigwe jua yakapasuka. Huwa napita kumsalimia. Siku hiyo nikampa shikamoo nikakaa, nikamtolea simu nikamuonyesha video ya dada. Akafuta mikono, akaishika simu kwa mikono miwili, akaangalia mpaka mwisho, akaniambia nirudishe. Akaangalia tena.

"Mziki mzuri," akasema. "Ila mwanangu, haya masanamu yao yenyewe hayachezi?"

Nikamwambia hapana mzee, yamekaa tu, watu ndo wanacheza, na wengine hawachezi wanakula.

"Basi wamefika nusu," akasema, akanirudishia simu, akachukua tezo yake.

Hilo jibu sikulitarajia na limenikaa mpaka leo. Maana mzee hakuwa anadharau. Kwa Mmakonde kinyago hakikuchongwa kitundikwe ukutani. Kinavaliwa, kinacheza. Midimu, yaani vinyago vya ngoma, ikitoka siku ya kuwatoa watoto jandoni au unyagoni, kile kinyago kina miguu, kina pumzi, kina ngoma nyuma yake, na waliocheza unyago hawasemi kuna mtu ndani. Kuna vinyago vya uso vyenye ndonya, lile pambo la kutoboa mdomo, na chale mashavuni, kuna vile vya kuvaa kichwani kizima kama kofia, na kuna kile cha mwili, tumbo la mjamzito lenye chale limechongwa kwenye mti, anavaa mwanamume na kulicheza lile tumbo mpaka wamama wanacheka wanashika mbavu. Ukikitoa hicho kwenye ngoma ukakiweka kwenye kioo chenye taa, kitu ulichobaki nacho ni kipande cha mti. Kizuri, ndiyo, lakini nusu.

Na mzee akanisahihisha jambo ambalo sikulijua. Mimi nilidhani kinyago cha ngoma kinachongwa kwa mpingo. Akacheka. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama, nani atacheza nao kichwani? Kinyago cha kucheza ni mti mwepesi, mpingo ndo wa haya masanamu ya kuuza, yale wanayoyaita ujamaa, watu wamebebana, na mashetani, yale yanayosafiri kwenda nje.

Kwa hiyo fikiria na mimi. Mwaka 1906, vita ya Majimaji haijapoa bado, alishuka Lindi mtaalamu wa Kijerumani anaitwa Karl Weule. Akaenda Masasi, akapanda mpaka Newala kwenye uwanda wa Makonde. Alikusanya vinyago vikaenda Leipzig kwenye jumba la makumbusho. Na huyu bwana alikuja na fonografu, akarekodi nyimbo za huku kwenye silinda za nta, na alikuja na kamera ya sinema akapiga picha za ngoma. Yaani zaidi ya miaka 100 iliyopita mtu mmoja, safari moja, alichukua kinyago, sauti na mchezo, kila kimoja kwenye kasha lake. Vilivyokuwa kitu kimoja uwanjani vikawa vitu vitatu kwenye kabati tatu. Simlaumu kwa kurekodi, bila yeye zile sauti za mababu zisingekuwepo kabisa. Nasema tu kwamba hapo ndo tulipoanza kuzoea kwamba sanamu ni kitu cha kimya.

 

Kuna kisa kingine ambacho wengi hawakijui. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yalivunjwa na vitu vikaibiwa, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Kikaja kugundulika Geneva, Uswisi, kwenye jumba la Barbier-Mueller. Mazungumzo yakachukua miaka na miaka, kikarudishwa 2010. Nilifurahi sana nilivyosoma, naona fahari kabisa. Lakini baada ya maneno ya mzee najiuliza, kimerudi kutoka kwenye kioo kwenda kwenye kioo, je kuna mtu alikipigia hata ngoma moja siku ya kurudi? Kama ilipigwa nitafurahi kuambiwa.

Sasa jazz inaingiaje. Inaingia kwa mti.

Klarineti, ile ala nyeusi nyembamba ya kupuliza ambayo ilitamba sana kwenye jazz ya zamani, akina Sidney Bechet, Benny Goodman, inatengenezwa kwa mpingo. Ukiona klarineti nzuri, au obo nzuri, ala nyingine ya kupuliza, ujue pale kuna mpingo. Wanaupenda kwa sababu ni mzito na umeshikana, una mafuta yake ya asili, ukiutoboa tundu linatoka safi na pumzi ya mpigaji yenye unyevu haiupindi kirahisi. Na mpingo mkubwa unatoka huku, Lindi, Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji. Kilwa kuna vijiji ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu yao kupitia mpango wa MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo, vikawa vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaomilikiwa na wanakijiji wenyewe, na mpingo ndo uliokuwa sababu kubwa. Mti unakua polepole mno, unaoukata leo ulianza kuota babu yako hajazaliwa.

Mzee alinionyesha kitu ambacho ningependa kila mtu akione. Alichukua vipande viwili vya mpingo mkavu, saizi ya mchi mdogo hivi, nje vina ule weupe wa ganda lake, ndani vyeusi tii. Akavigonganisha. Ting. Sauti kali, safi, inabaki hewani kidogo, ungefikiri chuma. Akachukua kipande kingine kwa macho ni kile kile, akagonga, ikatoka tak, imekufa palepale. "Hiki kina ufa ndani," akasema, "hata sijakiona lakini kimeniambia." Akakitupa kwenye rundo la vipande vya kuchonga vijiti vya nywele. Yaani fundi wa sanamu anachagua mti wake kwa masikio. Nikamuuliza kama anajua kuwa kuna watu Ulaya wanatoboa huo huo mti wanapuliza jazz. Akasema anajua wanaupeleka kwa ajili ya filimbi, hajawahi kuisikia. Nikamtafutia kwenye simu klarineti ya Bechet. Bando lilikuwa linaishia lakini ikacheza. Akasikiliza kichwa kimeinama, akasema huyo mtu analia na anacheka kwa wakati mmoja, na huo ni mpingo mkavu vizuri.

Ndo maana mtu akiniambia jazz siyo ya kwetu huwa sibishani sana, namhesabia tu. Wazee wetu waliita bendi zao jazz kabla hatujazaliwa, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ukisema jazz kwa mtu mzima wa huku atakuimbia Kilwa Jazz kwanza. Mziki ni tofauti na wa Rollins, sawa, ule ni dansi la magitaa, lakini saksafoni zilikuwepo na zilikuwa zinachombeza vilevile. Na wao huko walitutafuta. Mwaka 1960 Randy Weston, mpiga piano wa New York, alirekodi kazi ya kushangilia uhuru wa Afrika, maneno yakaandikwa na mshairi Langston Hughes, na sauti inayosikika mle ikiyasoma kwa Kiswahili ni ya Mtanganyika mwenzetu, Tuntemeke Sanga. Mpiga piano wa jazz Herbie Hancock na wenzake miaka ya 70 walijipa majina ya Kiswahili, yeye akawa Mwandishi, mpiga besi wake Mchezaji, mpiga drum Jabali. Hawa watu walikuwa wanatuelekea sisi huku, na sisi tumekaa tunasema siyo yetu.

Kwa hiyo wazo langu ni hili, na nimeshaanza kuongea na watu. Kiangazi chao, Juni mpaka Agosti, kwetu ni kipupwe. Jua si kali, mvua hakuna, mavuno yameingia ndani, korosho bado, ndo miezi ya ngoma tangu zamani. Mikindani kuna lile Boma la Mjerumani la 1895 lililokarabatiwa vizuri, kuna miti, kuna upepo wa ghuba, mahali kama pale au uwanja wowote wenye kivuli panatosha. Mafundi wa kuchonga walete kazi zao, siyo zipangwe mezani na bei, hapana, zisimamishwe chini ya miti watu wakae katikati yake na mikeka. Mihogo, pweza, madafu, akina mama wapo watauza. Bure kuingia. Hili la bure silegezi, ukiweka hata buku mbili utawapata wale wale wanaokwenda hotelini.

Wapigaji je? Watu wanadhani mpaka tuagize bendi Dar. Sisi tuna vijana wa matarumbeta ya harusi, wanazunguka na gari la bibi harusi wanapuliza trombone na saksafoni ambazo hawakufundishwa na chuo chochote, wanasikia wimbo asubuhi redioni mchana wanaupiga, na mmoja akichoka mwenzake anaingia kati anaongeza ya kwake. Hicho hicho ndo jazz ilichokifanya mwanzoni mitaani New Orleans, Marekani, kwenye mazishi na maandamano. Wape vijana wale jioni moja ambayo hawakimbizani na gari, wape muda wa kurefusha, uone.

Ijumaa ya Washington kwetu haifai, watu wana sala na wengine wanatoka safari, Jumamosi ni bora, kuanzia baada ya alasiri, na kabla ya magharibi kila kitu kinazimwa. Jenereta sitaki, linaharibu kila kitu, sauti ya tarumbeta na ngoma kwenye uwanja mdogo inafika yenyewe.

Kuhusu vinyago vya ngoma mzee ameweka masharti na mimi nayakubali yote. Vya jandoni vibaki jandoni, asije mtu na kamera kuuliza nani yupo ndani. Vipo vya kuchezwa mbele ya watu wote, kama vile vinavyochezwa hata kwenye tamasha la MaKuYa wakikutana Wamakonde, Wamakua na Wayao, hivyo vitatoka. Na kinyago kikitoka, watu wanasimama na kukipisha, hakizungukwi kwa ajili ya selfi. Nilimwambia hiyo ya selfi itakuwa ngumu, akasema basi kitarudi ndani, na nina uhakika kitarudi kweli.

Wiki iliyopita niliwakutanisha yeye na kiongozi wa matarumbeta, kijana mchangamfu, kamwamkia mzee kwa adabu zote. Alikuwa na swali moja tu la kikazi: kinyago kikiingia uwanjani, wao wapulize wimbo wao ngoma iwafuate, au vipi? Mzee akamwambia ngoma ya kinyago haimfuati mtu, mchezaji anasikiliza ngoma na mpigaji anaangalia miguu, ukiingiza lako katikati bila kujua miguu inakwenda wapi utamuangusha. Kijana akauliza basi wao watajuaje pa kuingia. Akaambiwa aje na saksafoni moja tu kwanza, zile kubwa aziache nyumbani, akae na wapiga ngoma asipulize mpaka aelewe. Wamekubaliana Jumamosi, chini ya mwembe, na mimi nimeambiwa nilete mkeka.